Manjano Nje ya Sanduku

Siku niliyorudisha funguo za maabara, Achieng alinifuata mpaka kwenye ngazi akaniambia, "Auntie, manual ziko. Procedure ziko, zimejaa kabati nzima. Lakini zile story za Fundi Kirpal hakuna mahali zimeandikwa. Tuandikie, please. Na uandike kwa Kiswahili, ndiyo nisome nikicheka." Achieng ndiye aliyechukua kiti changu. Ana mikono mitulivu na mdomo usiotulia, na vyote viwili vitamfaa. Basi naandika, Achieng, kwa ajili yako na watakaokuja baada yako. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuja vimechelewa, mishahara ilikuja imechoka, na hakuna hata kimoja kitakachokusaidia kubadilisha koni ukiwa na glavu mbili mkononi.

Nianze kabla ya maabara, kwa sababu somo langu la kwanza la sayansi katika nchi hii nililipata kwenye nyumba ya wazee kule Northfield. Nakuru nilikuwa fundi wa maabara, nikipima maji ya kunywa. Hapa Birmingham vyeti vyangu vilihitaji kusomwa na watu wengi, na wote walikuwa likizo. Nikajikaza kisabuni, nikawa mlezi wa wazee. Kulikuwa na mzee mmoja, Stan, ambaye kila mchana sahani yake ilirudi tupu, nami kila mchana niliandika kwenye faili lake: amekula chote. Wiki ya tatu suruali ikaanza kumvuka. Siku moja nilitoka uani kutupa taka wakati wa chakula, nikaona soseji inashuka kutoka dirishani kwake, na chini njiwa wamepanga foleni, wanene kama wenye nyumba. Nilipanda juu nikiwa nimefura. Stan akanitazama kwa upole. "Mimi sikukuambia nimekula, bab," akasema. Bab ndivyo watu wa Birmingham wanavyomwita kila mtu. "Wewe ndiye uliyeandika."

Nilikuwa nimeandika nilichodhani badala ya nilichoona. Lishike hilo, nitalirudia.

Vyeti vilipomaliza kusomwa, nilipata kazi Edgbaston, katika maabara iliyokuwa ndogo na yenye ndoto kubwa. Siku ya kwanza nilionyeshwa sanduku la glavu. Ni sanduku la chuma lenye kioo mbele, kubwa kama kabati la nguo lililolazwa, na glavu ndefu za mpira zimefungwa kwa pete za chuma kwenye matundu ya kioo. Unaingiza mikono humo na kufanya kazi ya ndani ukiwa nje. Niliyajua masanduku hayo tangu mafunzoni, ila yale ya wanakemia. Yao yanajazwa gesi yenye msukumo kuliko hewa ya chumbani, kwa hiyo glavu husimama kuelekea nje, zinakunyooshea mkono kukusalimia. Hili glavu zake zilikuwa zimevutwa ndani, zimenywea. Nikaona, maskini, sanduku limeishiwa gesi. Kwa kutaka kuonekana mchapakazi siku ya kwanza, nikafungua valvu, nikalijaza mpaka glavu zikasimama wima.

Akaingia mzee wa Kisingasinga, kilemba cha samawati, koti la karakana, kalamu tatu mfukoni. Alitazama glavu zile kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni. Aliniuliza kwa Kiingereza cha adabu nani amegusa valvu. Kisha akageuka ukutani na kunung'unika peke yake, kwa Kiswahili: "Mungu wangu. Hii mama naua sisi yote."

"Siui mtu, Fundi," nikamjibu kwa Kiswahili. "Nionyeshe."

Nimeishi miaka mingi, lakini uso uliobadilika haraka kama ule sijauona tena. Alizaliwa Kisumu, akajifunza ufundi wa chuma kwa baba yake huko huko, na kwa miaka hakuwa na wa kuongea naye Kiswahili kazini isipokuwa mashine ya kukerezea. Alidai Kiswahili chake ni safi kuliko cha redio. Jina lake lilikuwa Kirpal, nami namwita Fundi hadi leo. Yeye aliniita Mama Baraka, kwa jina la mwanangu.

Akanieleza taratibu, na ndivyo ninavyomweleza kila mgeni. Sanduku la mwanakemia linakinga vitu vya ndani dhidi yetu, kwa hiyo linapulizia nje. Sanduku la mionzi linatukinga sisi dhidi ya vitu vya ndani, kwa hiyo linavuta. Likitoboka, hewa ya chumba iingie, ya ndani isitoke. Glavu zilizonywea ni habari njema. Bahati yangu sanduku lilikuwa jipya, halijaingizwa kitu, na Fundi hakumwambia mtu. Alinikumbusha tu kila mwaka, tarehe ile ile, na kipande cha keki.

Kazi yetu kubwa ilikuwa hii. Madaktari wa saratani walikuwa wakijaribu dawa yenye mionzi, dawa ya kwenda kuuchoma uvimbe kutoka ndani ya mwili. Walitaka kujua kama imechanganyika na metali zisizotakiwa, hata chembe chache. Mashine ya kujibu swali hilo ipo, inaitwa spektrometa ya masi. Inachambua atomi kwa uzito wake kama mama anavyochambua mchele kwenye ungo. Unaigeuza sampuli yako kuwa ukungu, ukungu unapita kwenye moto wa gesi ya agoni ambao hakuna sufuria inayoweza kuuvumilia, halafu kinachobaki kinapenya tundu dogo kwenye ncha ya koni ya chuma na kwenda kuhesabiwa. Lakini mashine kama ilivyotoka kiwandani ilitengenezewa watu wanaopima maji ya mto. Ina feni nyuma, inapumua hovyo, na koni ikiziba unaifungua kwa bisibisi na vidole vitupu. Ukiipa dawa ya mionzi, itakusambazia mionzi chumba kizima, na kwa bidii.

Kwa hiyo tuliipasua. Sehemu ya ukungu, moto na koni ikaingia ndani ya sanduku. Pampu, nyaya na ubongo wa umeme vikabaki nje, mahali ambapo mtu anaweza kuvitengeneza bila kuvaa kama mwanaanga. Katikati ukapita ukuta wa sanduku, na tundu lililounganisha nusu hizo mbili likazibwa kwa pete ya chuma aliyoikereza Fundi. Hewa yote iliyotoka ilipita kwenye vichujio, na maji machafu yakabaki ndani kwenye chupa yake. Wakala wa kiwanda alikuja kuitazama mashine aliyotuuzia. Aliizunguka mara moja, akaomba kiti.

Ukitaka kujua Fundi alikuwa mtu wa namna gani, tazama skrubu za ile koni. Skrubu za kiwandani zilikuwa ndogo kama mbegu za papai. Ndani ya glavu nene, skrubu iliyoanguka ni skrubu iliyokufa, na inaweza kukuchukua asubuhi nzima kuizika. Fundi alizitupa zote. Akatengeneza zenye vichwa vipana vya kushikika, na akazifungia mahali pake kwa namna ambayo ukizifungua zinalegea lakini hazitoki. "Hii skrubu iko na adabu," alisema. "Nalegea, lakini hapana toka nyumbani." Alizikereza mara nne, na kila mara alivaa glavu, akafumba macho na kuzijaribu. Sikuwahi kumwona fundi mwingine akifumba macho ili aone vizuri.

Mimi nilifanya mazoezi nyumbani, kwenye flati yetu ya Newtown. Nilivaa glavu za kuoshea vyombo, jozi mbili, nikatunga uzi kwenye sindano, nikachambua dengu, nikashona vifungo. Baraka alikuwa shule ya msingi wakati huo. Alisimama mlangoni na rafiki yake, akamweleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali yaliyompata: "That's my mum. She's practising."

Kabla ya kuruhusiwa kuingiza tone la dawa ya kweli, ilitubidi tufanye majaribio kumi mfululizo bila kosa. Unanyunyiza ndani ya sanduku unga unaong'aa chini ya taa ya zambarau, unabadilisha koni, unaisafisha, unatoa taka kwa mfuko, unatoa mikono. Kisha unapangusa kila mahali nje kwa vitambaa vyenye spiriti na kuvimulika. Kitambaa kimoja cha nje kiking'aa, unarudi kwenye namba moja. Aliyeshika kalamu ya ruhusa alikuwa Pauline, afisa usalama, mwanamke mwembamba aliyependa chai nzito na asiyekopesha sahihi yake.

Unga maalumu tuliuagiza. Agizo likakaa ofisini likisubiri mtu fulani arudi, kisha yule aliyerudi akamsubiri mwingine. Mwezi wa pili wa kusubiri, Fundi akatoa mfukoni pakiti ya bizari ya manjano kutoka jikoni kwake, akaloweka chembe kwa spiriti, akawasha taa. Iling'aa utafikiri ina betri. Pauline aliijaribu mwenyewe, akanusa, akaidhinisha kwa maandishi. Tukamaliza majaribio tisa kwa manjano, yote asubuhi, yote safi.

Hapa lazima niseme kilichokuwa moyoni mwa kila mtu. Fundi alikuwa anastaafu. Zilibaki siku tisa. Maisha yake yote alitengeneza vitu vilivyopelekwa kwingine, vikafanyia kazi watu asiowaona. "Mimi nataka kitu moja tu, Mama Baraka," aliniambia. "Hii sanduku nafanya kazi ya kweli, mara moja, na mimi iko hapa naona." Jaribio la kumi likipita, wiki ile ile tungepata dawa. Lisipopita, kumi mengine, na Pauline alikwisha sema hana nafasi kabla ya mwezi ujao.

Siku ya jaribio la kumi Pauline hakuweza kuja asubuhi. Alikuja saa nane mchana. Na mke wa Fundi, kwa furaha, alikuwa ametuma chakula cha kutubariki: chapati laini, wali, na dengu iliyokolea manjano mpaka ukingo wa bakuli. Tulikula. Nilirudia. Tukanawa mikono kwa sabuni kama watu waliolelewa vizuri, tukaingia kazini, na katika sisi wote wenye vyeti ukutani hakuna aliyefikiria kwamba tumetoka kujipaka kile kile tulichokuwa tunakwenda kukitafuta.

Kazi ilikwenda kama maji. Koni ilitoka, koni ilirudi. Mwishoni nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilivuta mkono wa kushoto kwa kasi. Tukapangusa, tukazima taa za chumba, tukamulika vitambaa. Kimoja, viwili, vitatu, giza. Cha sita kiling'aa. Kilikuwa kimepangusa pete ya glavu ya kushoto na upindo wa koti langu.

Pauline alikisogeza kitambaa karibu na taa. Halafu Fundi akaangua kicheko. "Hiyo dengu yangu! Angalia kucha yako!" akaniambia, kisha akamtafsiria Pauline. Kweli, tulimulika kucha zangu na zilikuwa zinang'aa kama taa za Krismasi. Tukamulika ndevu za Fundi, nazo hivyo hivyo. Tulicheka sote, na Pauline alicheka mpaka akaegemea meza. Kisha akachukua fomu, akafungua kalamu, akaniuliza kama mtu anayekamilisha utaratibu tu, "Basi ni chakula, siyo, bab?"

Neno moja tu lilihitajika. Nilimtazama Fundi, na uso wake ulikuwa bado unacheka, umejaa matumaini. Nilijua karibu kwa hakika kwamba ni dengu. Lakini lile "bab" lilinirudisha Northfield. Nikawaona njiwa.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Inaweza kuwa chakula. Inaweza kuwa imetoka ndani. Ukiniuliza nilichoona, nimeona manjano nje ya sanduku. Imetoka wapi, sijui."

Pauline alifunika kalamu. Fundi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Alikusanya bakuli za mkewe akaenda kuziosha, nami nilisimama pale nikiwa nimemnyang'anya rafiki yangu kitu pekee alichoomba. Niliumia. Njiani kwenda nyumbani nililia ndani ya basi, na mama mmoja wa Kijamaika akanipa peremende bila kuniuliza kitu.

Kesho yake nilifika mapema, na Fundi alikuwa amefika mapema zaidi. Mezani pake palikuwa na sandwichi ya jibini na tango, nyeupe, yenye huzuni. "Kuanzia leo hakuna manjano," akasema. "Nyumbani pia. Bibi yangu amekasirika sana." Halafu akavuta stuli. "Sasa, wewe rudia. Kila kitu kama jana. Makosa pia."

Nikarudia na tumbo lenye sandwichi. Mara ya kwanza nilivuta mikono polepole: safi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akasema, "Jana wewe alikuwa na furaha. Vuta na furaha." Nikauvuta mkono wa kushoto kwa kasi. Tukapangusa, tukamulika.

Pete ya kushoto iling'aa.

Ukivuta mkono haraka, glavu inaufuata nje, kisha inarudi ndani kwa kishindo kama pampu ya baiskeli. Kwa kufumba na kufumbua, hewa ya ndani inasukumwa nje, na ikipata upenyo inatoka na ilichobeba. Fundi aliifungua pete ile, akapitisha ukucha kwenye mfereji wake, akasimama mahali fulani. Palikuwa na kijino cha chuma, kidogo kuliko chembe ya sukari, kilichoizuia glavu kukaa sawasawa. Pete aliikereza yeye. Mkono niliuvuta mimi. Makosa yetu mawili yalikuwa yamekutana pale, na dengu ya mkewe nusura iyafunike yote mawili.

Nilitarajia atahuzunika. Badala yake alinishika mabega yote mawili, macho yamemjaa maji. "Mama Baraka," akasema, "kama jana wewe nasema chakula, mimi nastaafu na furaha, na wewe naweka mkono kwa hii pete miaka mingi." Akaenda kukisugua kijino kile, na nilimsikia akiimba karakana nzima. Kabla ya jioni alibandika karatasi juu ya sanduku: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Chini yake akaongeza kwa kalamu: na wewe iko na moja tu. Karatasi ile bado ipo, Achieng. Usiitoe.

Alistaafu siku yake ilipofika, kabla hajaiona mashine ikifanya kazi. Ila hakukubali kutoonekana. Kila Jumanne alijiandikisha getini kama mgeni, akaketi nje ya mstari wa njano, ule ambao mgeni haruhusiwi kuuvuka, na sandwichi yake, akitutazama tukianza tena kutoka moja. Hakuruhusiwa kugusa kitu, kwa hiyo aligusa kwa maneno. Majaribio kumi yakapita. Pauline akaja asubuhi, akanusa pumzi zetu kwanza, akatia sahihi.

Dawa ya kweli ililetwa Jumanne. Nilimwomba Pauline iwe Jumanne, naye akajifanya haelewi kwa nini. Niliingiza mikono kwenye glavu zilizonywea. Tone likawa ukungu, ukungu ukaingia motoni, na kwenye skrini mstari uliokuwa umelala ukainuka, kilele kimoja chembamba, kirefu, mahali hasa kilipotakiwa kuwa. Pembeni yake metali tuliyokuwa tunaiogopa ilikuwa kidogo mno. Dawa ilikuwa safi. Nikatoa mikono polepole, wa kulia kisha wa kushoto. Vitambaa vyote giza. Nyuma ya kioo cha mlango Fundi alikuwa amesimama, kilemba kimeegemea kioo, anapiga makofi bila sauti ili asiwashtue watu. Nilipotoka aliniuliza swali moja tu: "Sasa mimi naweza kula dengu?"

Yeye alikula. Mimi, tangu siku ile mpaka nilipostaafu, sikugusa manjano siku ya kazi. Mlinitania kwa sandwichi zangu, mkadhani nimekuwa Mwingereza. Unga maalumu ulifika hatimaye, miezi kumi na moja baada ya kuagizwa, na ndio mnaoutumia. Lakini sheria ya chakula niliiacha pale pale. Nimefundisha wengi tangu hapo, wengine werevu kuliko mimi, na wote niliwasubiri waseme neno lile. Achieng alilisema wiki yake ya pili, mbele ya wageni, jasho likimtoka: "Sijui, Auntie." Siku hiyo niliandika barua ya kustaafu.

Sherehe ya kuniaga ilifanywa Ijumaa, kwenye chumba cha chai, mbali na mstari wa njano. Pauline alikuja, naye kastaafu zamani. Baraka alikuja na suti, akatoa hotuba kwa Kiingereza, akamalizia na "asante sana Mum" iliyowaliza watu zaidi ya hotuba yenyewe. Fundi alikuja na fimbo, amesinyaa kidogo ndani ya koti lake, na mkewe nyuma yake na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Nilijua ni nini kabla haijafunguliwa. Nilikula kwa mkono, nikarudia, nikapangusa bakuli kwa chapati.

Achieng, kwa utundu wake, alikuwa ameficha ile taa ya zambarau nyuma ya keki. Akazima taa za chumba, akanimulika. Kucha zangu zikawaka, vidole vikawaka, upindo wa gauni ukawaka. Watu wakacheka, kisha wakapisha njia, kwa sababu Fundi alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. Alinijia polepole, akavaa miwani, akaishika mikono yangu miwili akaigeuzageuza chini ya taa kama kitu alichokikereza mwenyewe.

"Mama Baraka," akaniuliza kwa sauti ya kazi, "hii iko chakula, ama imetoka ndani?"

"Leo najua, Fundi," nikamwambia.